Ile sifuri ya Kerala: mionzi ya ardhini na watoto wanaozaliwa na kasoro

Wiki mbili zilizopita wifi yangu alinipigia simu saa tatu usiku. Yeye na kaka wanaishi Kwale, upande wa Lunga Lunga, si mbali na kilima cha Mrima, na ana mimba ya miezi mitano. Kwenye kundi lao la WhatsApp la akina mama kulikuwa na sauti inazunguka. Mtu asiyejitaja jina anaeleza, kwa ile sauti nzito ya daktari wa redioni, kwamba wanasayansi wa India "wamethibitisha" kuwa udongo wenye mionzi unazalisha watoto wenye ulemavu, na kwamba mwanamke yeyote mjamzito anayekaa karibu na Mrima ahame kabla hajajifungua.

"Wifi, wewe si ndiye unayesomea haya mambo ya mionzi?" akaniuliza. "Niambie ukweli. Nihame?"

Ningeweza kumwambia "achana na WhatsApp" na kukata simu. Ndivyo wengi wetu wenye vyeti tunavyojibu, halafu tunashangaa kwa nini watu wanaendelea kuamini sauti zisizo na jina. Nikamwomba anipe siku mbili. Msemaji hakutaja mwaka wala jarida, lakini alitaja mchanga mweusi, vijiji vya wavuvi, na watoto wenye hali ya Down. Kwa mtu wa fani hii hayo yanatosha. Anachokisema kinatoka kwenye makala moja ya 1976, iliyochapishwa katika jarida la Nature, kurasa mbili tu, na Kochupillai na wenzake watatu. Nimeisoma upya. Leo nataka tuisome pamoja, mimi na wewe, kwa sababu ni makala iliyoandikwa na watu makini, inayosomeka vizuri, na ambayo hata hivyo haiwezi kubeba mzigo iliyobebeshwa.

Kwanza mahali penyewe. Pwani ya kusini-magharibi ya India, jimbo la Kerala, kuna ukanda mwembamba wa mchanga kutoka Neendakara hadi Purakkad, kama kilomita 55 kwa urefu na nusu kilomita tu kwa upana. Mchanga ule una madini ya monaziti, na ndani ya monaziti kuna thori. Thori ni ya mionzi. Watu wamejenga juu yake, wanaanika samaki juu yake, watoto wanacheza juu yake, vizazi na vizazi. Binadamu wa kawaida duniani hupata kama milisiveti 2.4 kwa mwaka kutoka kwa vitu vya asili: udongo, kuta za nyumba, hewa yenye gesi ya radoni, miale itokayo angani, hata potasiamu iliyomo mwilini mwake. Kwenye ukanda wa Kerala, kipimo cha nje peke yake ni wastani wa kama miligrei 4 kwa mwaka, na kuna viwanja vinavyofika 45. (Kwa mionzi ya aina hii unaweza kuchukulia miligrei na milisiveti kuwa karibu kitu kimoja. Wenzangu wa fizikia mnisamehe.) Si pote pako hivyo. Unaweza kuwa na nyumba yenye kipimo cha juu, na jirani yake, hatua hamsini tu, akawa na cha kawaida. Kumbuka hilo, tutalirudia.

Kwa hiyo hapa maumbile yamekufanyia jaribio ambalo hakuna kamati ya maadili ingekuruhusu ulifanye. Hukumwaga mionzi wewe. Watu walikuwepo tayari. Kazi yako ni kuhesabu.

Na ndicho walichofanya. Walipita vijijini, wakakagua watu 12,918 kwenye eneo la mionzi mingi na watu 5,938 kwenye eneo la kulinganisha. Wakatafuta watu wenye Down na wenye ulemavu mwingine wa akili. Eneo la mionzi: watu 12 wenye Down. Eneo la kulinganisha: sifuri.

Kumi na mbili kwa sifuri! Ukisikia hivyo redioni unaacha ugali unauangalia. Na ndiyo namba iliyosafiri. Miaka karibu hamsini baadaye imefika mpaka kwenye simu ya wifi yangu, bila jina na bila mwaka.

Sasa naomba tufanye kitu ambacho msomaji wa haraka hafanyi. Tuiache ile 12. Tuitazame sifuri.

Down hutokea kila mahali duniani, kwa matajiri na maskini, kwenye mchanga mweusi na mweupe. Takriban mtoto 1 katika kila 700 hadi 1,000 wanaozaliwa. Katika watu 5,938 ungetegemea kuwakuta wangapi? Tusiseme 6 moja kwa moja, kwa sababu waliokaguliwa ni wa umri wote, na zamani zile watoto wengi wenye Down walikufa wadogo kwa matatizo ya moyo na vichomi. Lakini kutokuta hata mmoja? Hicho ndicho kitu cha kushangaza katika makala nzima, na ndicho kilichoelezwa kidogo kuliko vyote. Wakosoaji walilisema hilo mapema, barua zikaingia kwenye jarida lilelile mwaka uliofuata.

Igeuze upande wa pili uone. Watu 12 kati ya 12,918 ni 0.93 kwa kila elfu. Hiyo si namba ya kutisha. Ni namba ambayo ungeiona kwenye wodi ya wazazi ya mji wowote. Watetezi wa makala watakujibu kwamba hiyo ni hesabu ya watu walio hai wa umri wote, si ya wanaozaliwa, kwa hiyo 0.93 ni kubwa kwa India ya miaka ile. Ni hoja nzuri na siipuuzi. Lakini angalia imetupeleka wapi: hoja yote sasa imesimama juu ya kujua ni wangapi wangekuwepo bila mionzi, na kitu pekee ambacho utafiti wenyewe unatupa kujibu swali hilo ni ile sifuri.

Je, sifuri ile yaweza kuwa bahati tu? Hebu chukua punje 12 za maharage. Chora sakafuni vyumba 19 vilivyo sawa, 13 vyekundu na 6 vyeupe. Huo ndio karibu uwiano wa watu wa maeneo yale mawili. Rusha punje bila kulenga. Uwezekano wa zote 12 kuangukia kwenye vyekundu ni kama mara 1 katika 100. Ni nadra. Nasema hivyo waziwazi kwa sababu kuna wanaoikejeli makala hii kana kwamba waandishi hawakujua hesabu. Walijua. Nadra ya 1 katika 100 inastahili kuchapishwa na inastahili watu wengine waende wakaangalie.

Ila maharage hayana mlango wa kubisha hodi, na hayana umri. Mtu akifanya utafiti wa nyumba kwa nyumba anakutana na familia, na familia huamua nani atoke sebuleni. Kwetu hapa pia, hata leo, mtoto mwenye ulemavu anaweza kuwekwa chumba cha nyuma wageni wakija. Timu ikiwa inajua kwamba kijiji hiki ndicho chenye mionzi, itauliza mara ya pili na ya tatu. Kwenye kijiji cha kulinganisha itauliza mara moja iende kwingine, jua linazama. Hakuna aliyedanganya hapo. Ndiyo maana tafiti nzuri huwaficha wakaguzi wasijue wako upande gani.

Halafu umri. Mama wa miaka 20 na kidogo ana nafasi ya kama 1 katika 1,500 ya kumzaa mtoto mwenye Down. Akifika 35 ni kama 1 katika 350. Akifika 40 ni kama 1 katika 100. Hakuna kiwango cha mionzi ya asili kinachojulikana kinachokaribia nguvu ya kalenda. Kijiji ambacho akina mama huendelea kuzaa mpaka miaka 42 kitakuwa na watoto wengi wenye Down kuliko kijiji kinachoacha mapema, hata kama mchanga wao ni uleule. Na ili ulinganishe kwa haki hutoshelezwi na umri wa mama wa wale 12. Unahitaji umri wa akina mama wote waliozaa, kila upande. Bila hapo unamlinganisha nani na nani?

(Sicheki mtu hapa. Rasimu ya kwanza ya sura yangu ya tatu ilirudi na mstari mwekundu wa msimamizi wangu pembeni: "Kundi la kulinganisha liko wapi?" Lilikuwepo, lakini nilikuwa nimelipa aya moja, na wagonjwa nimewapa kurasa tisa.)

Kuna njia nyepesi ya kuisema sifuri kwa adabu yake. Ukikagua watu wengi usipate hata mmoja, kiwango halisi bado kinaweza kuwa juu hadi 3 gawanya kwa idadi ya uliowakagua. Hapa ni 3 kwa 5,938, yaani karibu 0.5 kwa kila elfu. Upande wa pili, 12 kati ya 12,918 inaweza kutokana na kiwango halisi cha chini kama 0.48 kwa elfu au cha juu kama 1.6. Yaani paa la kijiji kimoja na sakafu ya kingine zinagusana. Hiyo ndiyo picha halisi iliyomo kwenye kurasa zile mbili: kuna dalili, inastahili kufuatiliwa, na tofauti yenyewe inaweza kuwa kubwa, ndogo, au karibu isiwepo. Neno "imethibitishwa" halimo kabisa.

Je, ilifuatiliwa? Ndiyo, na hapa mambo yanakuwa mazuri zaidi, na magumu zaidi.

Tangu Agosti 1995, timu ya kituo cha utafiti wa atomiki cha Bhabha imekuwa ikikagua watoto wachanga kwenye hospitali za eneo lile. Ripoti yao kubwa ya 2013 ina watoto zaidi ya 140,000. Si watu wa umri wote. Ni watoto wote wanaozaliwa pale, wazima na waliozaliwa wafu, mmoja baada ya mwingine. Hawakuona kasoro kubwa wala vifo vya tumboni vikiongezeka kadiri mionzi inavyoongezeka. Mwaka 2012 ulichapishwa pia utafiti uliochukua watoto wenye mdomo sungura na wenye ulemavu wa akili na kurudi nyuma kupima nyumba zao. Haukuona uhusiano.

Basi tumemaliza? Hapana, na hapa nawageukia wale wa upande wa pili, wanaochukua ripoti ya 2013 na kusema "imethibitishwa kuwa mionzi ya asili haina madhara". Wamefanya kosa lilelile kwa kulivaa ndani nje.

Jambo la kwanza ni nani anahesabu. Kituo cha Bhabha ndicho moyo wa mpango wa nyuklia wa India, nchi inayoitaka thori ileile kwa vinu vyake vya baadaye. Sisemi namba zimepikwa. Sina sababu ya kusema hivyo, na kazi yao imeandikwa kwa uwazi. Nasema tu kwamba kama kampuni ya sigara ingehesabu vikohozi ungetaka mtu mwingine naye ahesabu. Na wengine wamehesabu. Utafiti wa nyumba kwa nyumba uliofanyika kati ya 1988 na 1994, ukachapishwa 2004, ulirudi na ongezeko la Down na kasoro nyingine za kurithi. Na 2002, katika jarida la PNAS, timu nyingine ilionyesha kuwa familia za kwenye ukanda ule zina mabadiliko mengi zaidi kwenye vinasaba vya mitokondria, vile ambavyo mama humpa mtoto, kuliko familia za jirani zisizo na mionzi. Mabadiliko ya vinasaba si ulemavu. Wewe na mimi tunatembea nayo mengi bila kujua. Lakini huwezi tena kusema kwamba mchanga ule hauigusi mbegu ya uzazi.

Jambo la pili ni kinachoonekana na kisichoonekana. Mtoto anakaguliwa anapozaliwa. Mdomo sungura utaonekana, mgongo wazi utaonekana. Tundu dogo kwenye moyo litasubiri miezi. Na mimba iliyotoka wiki ya saba, mama akadhani hedhi imechelewa tu, haimo kwenye daftari lolote la hospitali. Mimba nyingi zenye kromosomu zilizozidi au kupungua huishia hukohuko.

La tatu ndilo linalonipendeza zaidi kwa sababu ni hesabu, na kila mtu hulipita. Mionzi inaweza kumdhuru mtoto kwa njia mbili tofauti, na ile sauti ya WhatsApp imezikoroga kwenye sufuria moja. Njia ya kwanza ni mionzi kumpiga mtoto akiwa tumboni, viungo vinajengwa. Hilo tunalijua kutoka Hiroshima na Nagasaki: waliokuwa tumboni kati ya wiki ya 8 na ya 15, na waliopata dozi kubwa kwa mara moja, baadhi yao walizaliwa na vichwa vidogo na akili nzito. Kwa njia hii kuna kizingiti. Tume ya kimataifa ya kinga dhidi ya mionzi inakiweka karibu na miligrei 100. Chini ya hapo kasoro za viungo hazitarajiwi. Sasa mchukue mama wa kwenye kiwanja kibaya kuliko vyote Kerala, 45 kwa mwaka. Miezi tisa ni kama 34. Mama wa kawaida wa pale ni kama 3. Bado hajafika mlangoni.

Njia ya pili ni mionzi kuipiga mbegu ya baba au yai la mama miaka mingi kabla ya mimba. Hapa hatuweki kizingiti; tunachukulia kwamba hatari hupungua pamoja na dozi bila kufika sifuri kamili. Kamati ya Umoja wa Mataifa ya mionzi, UNSCEAR, ilitoa makadirio 2001: dozi ya grei 1 nzima kwa wazazi ingeongeza kama kasoro 2,000 katika kila watoto milioni 1, juu ya 60,000 ambazo zingekuwepo vyovyote vile. Makadirio hayo yametegemea sana panya, kwa sababu kwa binadamu, hata kwenye watoto wa manusura wa mabomu ya Japani, ongezeko lenyewe halijaweza kushikika kwa uhakika.

Haya, tupige hesabu. Wazazi wa Kerala wenye miligrei 4 kwa mwaka, wakizaa wakiwa na miaka 30, wamekusanya miligrei 120. Hiyo ni sehemu ya 0.12 ya grei. Zidisha kwa 2,000. Unapata watoto 240 wa ziada katika milioni. Yaani badala ya 60 katika kila elfu, wanakuwa 60.24. Robo ya mtoto.

Ili uone tofauti ya robo ya mtoto kwenye elfu, kwa kanuni ya kawaida ya kukokotoa ukubwa wa sampuli, ungehitaji zaidi ya watoto milioni 10 kila upande. Ukanda wa Kerala hauna watu hao. Ukiwakagua wote waliozaliwa pale tangu Vasco da Gama atie nanga bado hutatosha.

Kwa hiyo ripoti ya watoto 140,000 inasema nini? Inasema kitu kizito, ila chenye mipaka. Tukichukua kwamba kasoro kubwa zinazoonekana siku ya kuzaliwa ni kama 1 katika 100, na kwamba kundi lao la kulinganisha ni kidogo tu zaidi ya sehemu ya kumi ya watoto wote, basi ongezeko la robo au zaidi lingeonekana. Halikuonekana. Kwa hiyo mtu akikuambia mionzi ya ardhini inazidisha ulemavu mara mbili, mara tatu, unaweza kumjibu bila kutetemeka: hapana, watu wamehesabu. Mtu akikuambia ni sifuri tupu, mwulize amehesabu watoto wangapi.

Nitapita haraka Iran, kwa sababu lazima kuna mtu atauliza. Ndiyo, Ramsar kuna nyumba zenye dozi inayokadiriwa kufika milisiveti 260 kwa mwaka, kwa ajili ya chemchemi za moto zinazoleta radiamu, na ndiyo, utasikia kwamba watu wa kule "wana afya tele". Mtaa wenye mionzi mikali una watu kama 2,000. Hao, tuseme, wanazaa watoto 40 kwa mwaka. Kasoro kubwa ungetegemea 1 au 2. Mwaka ukipita bila hata mmoja hujajifunza chochote, na mwaka ukija na 3 vilevile. Ni mahali pazuri pa kupimia mionzi, si pa kuhesabia watoto.

Turudi Kwale, maana wifi bado anasubiri.

Mrima ni kweli. Sauti ile haikudanganya kuhusu kilima. Mwamba wake una thori, pamoja na niobi na yale madini adimu ambayo wachimbaji wa nje wamekuwa wakiyanyatia, na udongo wake mwekundu una mionzi kuliko ufuo wa Diani. Ni kaya ya Wadigo pia, msitu wa kuheshimiwa, na watu hawajajenga juu ya kichwa cha kilima. Wanaishi pembeni na chini. Kama nilivyosema kuhusu Kerala, hatua hamsini ni nyingi. Unapokaa ndicho kipimo chako; jina la kilima kilicho jirani halikupimi.

Na kuna jambo ambalo tafiti zote hizi hulitafuna kwa shida: wanawake huolewa. Mayai ya mwanamke yote yalishakuwepo kabla yeye mwenyewe hajazaliwa. Kwa njia ile ya pili, ya kurithi, dozi inayohusu ni ya maisha yake yote, tangu tumboni mwa mama yake. Ukimpima kwenye nyumba ya mume unakuwa umepima ukurasa wa mwisho wa kitabu. Wifi yangu amezaliwa na kukulia Morogoro. Amekaa Kwale miaka miwili. Kuhama sasa, na mimba ya miezi mitano, kusingebadilisha hata robo ya ile robo ya mtoto. Ila kungemtoa kwenye kliniki inayomjua, kungemtenga na mume, na nauli ingekula hela ya kujifungulia.

Hili ndilo linaloniudhi kuhusu ile sauti, zaidi ya hesabu mbovu. Mtu aliyeirekodi hakuigharamia. Atakayeigharamia ni mwanamke atakayehama, au, vibaya zaidi, atakayebaki na akapata mtoto mwenye kasoro kwa sababu ambayo hakuna anayeijua, kama inavyotokea kwa familia nyingi kila mahali. Huyo ataulizwa na mama mkwe: tulikwambia uhame, kwa nini hukuhama?

Nilimpigia siku ya tatu, si ya pili; samahani yangu aliipokea kwa kicheko. Nikamweleza kwa ufupi: sifuri, maharage, robo ya mtoto. Alisikiliza vizuri. Kisha akauliza swali ambalo ndilo nililopaswa kuanza nalo mimi: "Sasa kama si kilima, kitu gani ninaweza kufanya?"

Nikamwuliza kuhusu vidonge vya kliniki, vile vya madini ya chuma na foliki. Kimya kidogo. Alikuwa ameviacha mwezi wa tatu, vinamtia kichefuchefu.

Foliki ndiyo moja ya vitu vichache katika habari yote hii ambavyo vina ushahidi wa kuziba mdomo. Jaribio la Uingereza lililochapishwa 1991 lilichukua wanawake waliokwisha kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi au kasoro za aina hiyo, na kwa waliopewa foliki kasoro hizo zilipungua kwa asilimia 72. Lile lilikuwa jaribio la kupanga watu kwa bahati nasibu, lenye kundi la kulinganisha la kueleweka. Ndiyo maana Kenya na Tanzania unga wa kiwandani unatakiwa kuongezewa foliki. Tazama nembo kwenye mfuko. Lakini uti wa mgongo wa mtoto hufunga ndani ya wiki nne za mwanzo, mara nyingi mama hata hajajua ana mimba. Kwa mgongo wa mtoto huyu dirisha lilishapita; vidonge sasa ni kwa ajili ya damu yake mwenyewe, na nilimwambia hivyo, na nikamwambia amweleze muuguzi kuhusu kichefuchefu, wanaweza kumpangia muda wa kumeza au kumbadilishia.

"Kwa hiyo anayetaka kushika mimba aanze lini?"

"Kabla. Angalau mwezi mmoja kabla."

"Basi ngoja nimpigie Mwanaidi," akasema. "Harusi yake ni Desemba." Akakata simu.